Mgeni Njoo, Mwenyeji Aumie

Nimebeba watalii kwa miaka 17, Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na kisa nilichopenda kukisimulia kuliko vyote ni cha mgeni mmoja na duma. Tulikuwa maeneo ya Seronera. Duma jike alikuwa amelala juu ya kichuguu, mbali kidogo na barabara. Mgeni akataka tumsogelee. Nikamweleza kwamba kutoka nje ya barabara hairuhusiwi. Akanyamaza kidogo, kisha akachomoa noti ya dola mia, akaiweka kwenye dashibodi mbele ya usukani, mahali ambapo nisingeweza kutazama mbele bila kuiona. Nikakata kona. Mgeni akapata picha yake, askari wa hifadhi wakanipata mimi. Faini niliyotozwa ilizidi ile noti, na mgeni hakuongeza hata senti. Alikuwa na ndege ya kuwahi.

Kisa hicho nimekihubiri kwenye vijiwe vya Arusha mpaka watu wamekichoka, na kila nikikisimulia mwovu ni mgeni. Leo nina kisa kingine. Hiki sijakizoea, kwa sababu safari hii mgeni ni mimi.

Nilipoacha udereva nilibaki na hamu moja: kumwona simbamarara, yule ambaye wengine humwita chui milia. Katika pori lote la Afrika hayupo hata mmoja. Basi nilipopata habari kwamba familia moja ya Dar es Salaam yenye ndugu zao Gujarat inakusanya kundi la kwenda India ya kati, nikatoa akiba yangu nikajiunga. Tulikuwa watu 12. Alikuwemo mwalimu mstaafu kutoka Nyeri, mfanyabiashara wa vipuri wa Kariakoo ambaye wote tulimwita Bosi, mama wa Kigujarati aliyekuwa mkalimani wetu, na wengine wa benki na maduka. Tulishukia Mumbai, tukaunganisha ndege hadi Nagpur, halafu barabara: Pench, kisha Kanha, kisha Bandhavgarh, hifadhi tatu za jimbo la Madhya Pradesh.

Kanuni tulielezwa usiku wa kwanza. Kibali hukatwa mapema kwa jina na namba ya pasipoti, na getini pasipoti yenyewe hukaguliwa. Gari ni Gypsy, kijigari cha wazi kisicho na paa wala madirisha, abiria sita nyuma, dereva na mwongozaji mbele. Hakuna kushuka. Hakuna kutoka barabarani. Njia ya kupita hupangwa getini, na ukipewa njia hii huendi ile. Wala redio hawana. Sisi kwetu ukimwona “sharubu”, yaani simba, dakika tano baadaye magari 20 yameshafika. Kule waongozaji husikiliza msitu wenyewe, au huulizana wanapopishana njiani.

Nilizisikia kanuni zile nikatikisa kichwa kwa kuridhika, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

Kilichotuharibu kilianza kama mzaha. Kabla hatujafika Pench, Bosi alikwisha fungua kundi la WhatsApp na kuweka dau: gari litakalomwona simbamarara kwanza, lile jingine litalipa chakula cha usiku. Tukawa timu mbili. Nakuambia hili kwa sababu huenda nawe husafiri kwa kundi la harusi, la kanisa, la chama au la ofisi. Mtu akiwa peke yake huona haya. Wakikaa sita kwenye gari moja, haya ile hugawanywa kwa sita, na kila mmoja hubaki na kipande kidogo ambacho hakimzuii kufanya lolote.

Pench tulikaa siku mbili na simbamarara hatukumwona. Tuliona mbwa mwitu wekundu wakipita mbio kwenye majani makavu, tuliona gaur, ng'ombe pori mwenye mabega makubwa kuliko nyati wetu na soksi nyeupe miguuni. Mwongozaji alituonyesha eneo alilotawala simbamarara jike aliyejulikana kama Collarwali, aliyezaa watoto 29 katika uzazi mara nane na kufa Januari 2022. Alimtaja kama mtu anavyomtaja shangazi yake marehemu. Alipokufa, alisema, walimvika maua wakamchoma kwa heshima, kama wanavyofanyiana wenyewe. Sisi tulikuwa tunaangalia saa.

Pale ndipo nilipolisikia lile neno kwa mara ya kwanza. Kihindi tulikuwa tunakidaka vipande vipande. Dereva akisema “gari” tunaelewa, maana neno hilo sisi tulilipata kwao. Sasa Bosi alipoanza kulalamika kwamba tumeganda mahali pamoja, mwongozaji aligeuka akainua kiganja, akasema: “Sabr.” Mama mkalimani akataka kutufasiria. Mwalimu akamkatiza, “Hiyo haihitaji tafsiri. Ni subira.” Tukacheka, tukafurahi kwamba Waarabu walipita kwao na kwetu wakaacha neno moja. Kulifurahia neno kulikuwa rahisi.

Usiku ule, kwenye baraza la nyumba ya wageni, Mwalimu alituambia habari ambayo mtu wa Nyeri huijua na wengine hatukuijua. Jim Corbett, mwindaji aliyempiga risasi simbamarara jike wa Champawat mwaka 1907, yule aliyesemekana kuua watu 436, amezikwa mjini kwao. Uzeeni Corbett alikuwa akipenda kamera kuliko bunduki. Alihamia Nyeri mwaka 1947, akafa mwaka 1955, na kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Petro. Hifadhi ya kaskazini mwa India iliyopewa jina lake ndiko ulikozinduliwa mradi wa serikali wa kuwaokoa simbamarara, tarehe 1 Aprili 1973.

Kiongozi wa kundi letu akaendelea pale alipoishia Mwalimu. Mradi peke yake haukutosha. Mwaka 2005 ilithibitika kwamba hifadhi ya Sariska, kule Rajasthan, haina simbamarara hata mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza huku watu wakidhani wapo. Mwaka 2009 ikawa zamu ya Panna, jimbo lile lile tulilokuwemo, na ikabidi wachukuliwe wengine kutoka Kanha na Bandhavgarh kwenda kuanza upya. Hesabu ya mwaka 2006 ilitoa simbamarara 1,411 kwa nchi nzima ya India. Ile ya mwaka 2022 ilikadiria 3,682. Katikati ya hesabu hizo kuna doria, kuna vijiji vilivyohamishwa, na kuna mwaka 2012, Mahakama ya Juu ya India iliposimamisha utalii kwenye maeneo ya kiini ya hifadhi hizo kuanzia Julai hadi Oktoba. Milango ilipofunguliwa tena, ilifunguliwa kwa masharti. “Kwa hiyo,” alisema, “dereva wa hapa anajua kwamba geti linaweza kufungwa.”

Tulimsikiliza vizuri. Asubuhi tukaondoka kwenda Kanha tukiwa bado sifuri kwa sifuri.

Dereva tuliyepewa Kanha alikuwa kijana wa kabila la Gond, mwembamba, shati la kaki limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata. Siku ya kwanza nilimwambia kupitia kwa mkalimani kwamba nami ni dereva wa wanyama, Afrika. Uso ukamfunguka. Tangu hapo akaniita bhai, kaka, na kila akibadilisha gia mahali pagumu alinitupia jicho kwenye kioo kuona kama nimeiona kazi. Niliiona. Alikuwa na mguu mwepesi, alizima injini bila gari kutikisika, na alijua kusimama ambapo jua linakuwa mgongoni mwa abiria.

Alinieleza kwamba babu yake alizaliwa ndani ya msitu ule, kwenye kijiji ambacho siku hizi ni uwanda wa nyasi. Walihamishwa ili wanyama wapate nafasi. Baba akapata kishamba nje ya mpaka, na yeye akapata kibali cha kuendesha, na mkopo wa kununulia ile Gypsy. Aliyasema hayo bila uchungu wala majigambo, huku akifuta kioo cha mbele.

Katika nyanda hizo zilizokuwa vijiji tulimkuta barasingha. Jina hilo kwao maana yake ni mwenye pembe kumi na mbili, kwa sababu ya matawi ya pembe zake. Dume lilikuwa limesimama kwenye maji ya magotini, limeburuta majani yakaning'inia pembeni mwa kichwa kama pazia lililochanika. Mwongozaji alianza kutuambia kwamba mwaka 1970 wa aina hii ya India ya kati walibaki 66 tu, na kwamba Kanha ndiyo iliyowanusuru wasitoweke kabisa. Hakumaliza. “Poa, tumemwona,” Bosi alisema. “Twende kwa mwenye mistari.” Dereva akawasha gari.

Siku ya tatu ilikuwa tarehe 28 Mei, mzunguko wa jioni. Joto lilikuwa limepita nyuzi 40. Upepo ulipovuma ulikuwa kama pumzi ya tanuri la mikate. Huo ndio msimu wa kumwona simbamarara, maana vijito hukauka na kila mwenye kiu hufuata madimbwi machache yaliyobaki. Saa kumi na robo tulisikia mlio mkali wa chital, wale wanyama wa madoa wanaofanana na swala, mara moja, mara mbili. Juu ya mti wa sal kima aina ya langur akaanza kukohoa kwa hasira akitazama upande wa mianzi. Mwongozaji akainua kiganja. Dereva akazima injini.

“Sabr.”

Tulikaa dakika 20. Nzi wanatembea usoni, chuma cha gari kinachoma. Kisha nyuma ya miti, kwenye njia nyingine, tukaona vumbi, na ndani ya vumbi kofia nyekundu ya mmoja wa wenzetu wa gari la pili. Lilikuwa linakwenda mbio kuelekea dimbwini.

“Wanamwona wale!” Bosi akasimama. “Mwambie azunguke.”

Mwongozaji akasema njia ile si yetu leo. Tusubiri hapa, mnyama atapita hapa. Bosi akatoa rupia mfukoni, akazihesabu kwa sauti, akazinyoosha begani kwa dereva. Nyuma watu wakaanza, kila mmoja na lake: tumetoka mbali, tumelipa, kesho tunaondoka, wenzetu watatucheka.

Dereva hakuzigusa zile pesa. Aliinua macho kwenye kioo akanitafuta mimi.

Hapo ndipo kisa chote kilipo. Katika gari lile mtu mmoja tu alijua yule kijana anaulizwa nini. Mtu mmoja tu alikuwa amewahi kuwekewa noti mbele ya usukani. Ningesema, “Tulia, bhai, kaa hapa hapa,” yangekwisha. Bosi angenuna mpaka chakula cha usiku, basi. Lakini na mimi nilikuwa nimetoa akiba yangu, na mimi nilikuwa na hamu ya miaka mingi, na ile kofia nyekundu ilikuwa inapotea kwenye vumbi. Nikamwambia, “Nenda, bhai. Mara moja tu, tunarudi.”

Akawasha gari.

Dimbwini tulikuta Gypsy tisa zimejipanga barabarani. Simbamarara jike alikuwa amekwisha kuvuka upande wa maji na watoto wawili. Wa tatu alikuwa bado ng'ambo, mdomoni mwa mianzi, mkubwa kama mbwa wa kijijini. Kati ya gari na gari palikuwa na uwazi mmoja, na macho yake yalikuwa kwenye uwazi huo. Sisi tukaingia papo hapo.

Namwona mpaka leo. Masikio yamelala nyuma, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa na haushuki. Mama yake ng'ambo ya pili akatoa sauti ya chini, kama mtu anayeguna ndani ya mtungi. Mtoto akaurudisha ule mguu, akageuka, mianzi ikamfunika. Mama hakunywa maji. Aliwatazama wale wawili, akatutazama sisi, akaingia nao porini upande wa pili, barabara ikiwa katikati ya familia.

Gari zima lilikuwa linapiga picha. Mimi nilikuwa natazama mikono ya dereva. Alikuwa anajaribu kurudi nyuma na nyuma kumezibwa, na ile mikono iliyokuwa ikibadilisha gia kama mtu anayefunua kitabu ilikuwa inaparaza. Kando, askari wa msitu alikuwa ameegesha pikipiki yake na kutoa daftari. Anaandika namba za magari, na njia ambayo kila gari lilipaswa kuwa.

Usiku timu mbili zilibishana nani aliona kwanza.

Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, getini lilikuja gari jingine na dereva mwingine. Mama mkalimani akauliza. Tukaambiwa yule wa jana amesimamishwa siku 30, yeye na mwongozaji wake. Hakuna aliyetulaumu. Ndani ya gari palikuwa kimya, kisha mtu mmoja akasema si tulikwenda dakika chache tu, na mwingine akasema sheria zao kali mno. Bosi hakusema kitu. Mchana alipitisha kofia, na haki yake nimpe: aliweka nyingi kuliko sisi wote. Tulizituma kwa yule kijana kupitia nyumba ya wageni. Alizipokea. Wanaopenda visa vya kupendeza wangetaka akatae, lakini mtu mwenye mkopo wa gari na watoto wawili hakatai.

Kuhusu mtoto wa simbamarara, tulipata habari njema. Mwongozaji mpya alitusimamisha kwenye vumbi laini kandokando ya barabara na kutuonyesha nyayo za asubuhi ile: moja kubwa, tatu ndogo, zinaelekea upande mmoja. Walikutana usiku, magari yalipoondoka. Watu wakapiga makofi, wengine wakaona sasa mambo yamekwisha. Ndiyo maana nahimiza kisa hiki kisisomwe vibaya. Bahati ya mtoto yule haikutoka kwetu, na haikumfikia aliyelipa gharama.

Bandhavgarh, siku mbili baadaye, dume kubwa lilitembea barabarani mbele ya gari letu, polepole, mabega yakipanda na kushuka. Tulimfuata kwa mbali mpaka akaingia kichakani. Ndicho nilichokitafuta maisha yangu yote, na nilikitazama nikiwa nahesabu siku.

Hesabu yenyewe ni hii. Siku 30 kutoka tarehe 29 Mei zinaishia tarehe 27 Juni. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya msimu, kwa sababu Julai mvua za masika yao huanza kushika, na maeneo ya kiini ya hifadhi za jimbo lile hufungwa mpaka Oktoba. Kwa hiyo adhabu iliyoandikwa mwezi mmoja ilikuwa kwake kama miezi minne bila kazi, ukiondoa siku tatu za mwisho wa Juni. Mimi dereva niliielewa hesabu hiyo pale pale getini, kabla hata mkalimani hajamaliza sentensi. Familia yake ilikwisha kumlipia simbamarara mara moja, kwa kijiji cha babu. Mjukuu akalipa mara ya pili, kwa ajili yetu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimjua mgeni anayekuja na baraka, ambaye kwa ajili yake jiko linawashwa na nyumba nzima inakula. Mgeni wa siku hizi huja na kibali, kamera na saa ya ndege, na akikosea mwenyeji ndiye anayeandikwa kwenye daftari. Usidhani hayo ni ya Kanha tu. Simama ukingoni mwa Mto Mara nyumbu wakitaka kuvuka, uone magari yanavyojipanga mpaka wanyama wanakosa pa kupenya. Kila gari lina dereva mmoja anayejua kwamba anakosea, na nyuma yake watu sita wanaomhimiza.

Yule mgeni wa duma nimemsamehe, si kwa wema, bali kwa sababu sina tena mahali pa kusimama nimhukumu. Nami sasa nikisafiri na kundi, iwe Mikumi, iwe Saadani, nimejiwekea desturi moja. Bahashishi ya dereva naitoa asubuhi, kabla gari halijawashwa, yote, mkononi mwake, mbele ya abiria wenzangu. Kisha namwambia: hii ni yako, tumwone simba tusimwone. Dereva aliyekwisha lipwa hana sababu ya kutafuta macho ya mtu kwenye kioo. Jaribu nawe.